Gundi ya Ng'ombe Katika Mifupa ya Wazee

Mpaka leo nikisikia harufu ya gundi ya seremala ikichemka, hasira hunipanda. Sehemu yake najikasirikia mwenyewe, lakini nyingi ni juu ya mtu mmoja, na sioni kwa nini nimwonee haya.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa naishi mtaa wa Mbotela na wazazi wangu, na kila asubuhi nilikwenda mjini kwenye ghala moja la vitu vya kale. Kazi yangu ilikuwa kupanguza na kuunga mifupa ya watu waliozikwa karne nyingi zilizopita katika mji mmoja wa pwani ambao sasa ni magofu. Mama alizaliwa jirani na magofu hayo. Alipojua naishika mifupa hiyo alinuna wiki nzima, kisha akaanza kuniuliza habari zao kila jioni, kama anayeuliza hali za wagonjwa. Hao ni wazee wetu, alisema.

Mifupa ilikuwa ikimong'onyoka. Dawa ya kuikazia iliyoletwa kutoka ng'ambo ilipokwisha, mkubwa wetu wa kazi aliniambia nitumie gundi yoyote, mradi wageni wasikute vumbi. Baba alikuwa seremala, kibanda chake kando ya Jogoo Road. Nikachukua gundi yake, ile inayochemshwa kwenye mkebe, nikaizimua kwa maji, nikaipaka kwa brashi mpaka mifupa ikashiba. Mkubwa akaisifu kazi. Nami, mjinga, nikavimba kichwa.

Mwaka uliofuata akaja mtaalamu wa kigeni na ufundi mpya. Alitueleza kwamba chakula huacha alama mfupani: aliyeishi kwa samaki ana alama yake, aliyeishi kwa nyama na maziwa ana yake, na mashine ya kwao huzisoma hata baada ya miaka mia sita. Aliuliza kama mifupa imepakwa chochote. Mkubwa akajibu haraka, "Ile dawa yenu tu." Mgeni akaitoboa mifupa, akachukua unga wake, akaenda zake. Nilipomsimulia mama, alicheka. "Mashine ya nini, mwanangu? Si wangeniuliza mimi? Sisi ni watu wa samaki."

Majibu yalikuja kwa barua. Wafugaji, iliandikwa. Samaki walikuwa wa kuonja tu.

Nilikuwa bado nimeishika barua nilipokumbuka gundi ile hutengenezwa kwa kitu gani. Ngozi na mifupa ya ng'ombe, imechemshwa ikawa uji. Mashine ilikuwa imesoma ng'ombe wa machinjioni, si wazee wangu.

Nilimkimbilia mkubwa. Alifunga mlango kwanza.

"Nani alikuambia upake gundi ya fanicha?"

"Ni wewe, mzee."

"Mimi nilisema gundi. Sikusema ng'ombe."

Kisha akasema mgeni ameahidi kutuletea vifaa vipya, na nikifungua mdomo nitarudi Mbotela kuuza sukuma wiki. Waliokufa hawalalamiki, alisema, na akacheka. Alicheka, hayawani yule! Alijua ni uongo, tena uongo juu ya watu wasioweza kujitetea, na jambo lililomkera ni kwamba nimemharibia chai yake ya saa nne.

Nikanyamaza. Baba alikuwa anaumwa mgongo, kibanda kimefungwa, mshahara wangu ndio uliotulisha. Nimejitetea hivyo miaka yote hii, na utetezi wenyewe bado unanichefua.

Wiki chache baadaye walifungua chumba cha maonyesho, mifupa ikawekwa ndani ya kioo, nami nikapewa kazi ya kuandika kadi kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Wenyeji wa mji huu walikuwa wafugaji. Bahari haikuwa chakula chao. Niliandika kwa wino mweusi, herufi zimenyooka, kalamu haikuteleza hata mara moja.

Mama alikuja siku ya pili, amevaa buibui lake la Idi. Alisimama mbele ya kioo, akainua mikono kuwasomea Fatiha, ndipo macho yake yakaangukia kadi. Aliisoma polepole, midomo ikicheza.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kweli. Hawa si wetu."

Akashusha mikono, Fatiha hakuisoma, akaniuliza mlango wa kutokea uko wapi.