Kuusalimia Mstari wa Mwisho

Ofisini kwetu tunamwita Fundi Jedwali, na jina hilo amelipokea kama mtu aliyepandishwa cheo. Ni mrefu, mpole, anatafuna vifuniko vya kalamu mpaka havitambuliki, na meza yake inatazamana na yangu. Mimi ndiye mnunuzi wa unga wa kiwanda hiki cha mikate. Unga ukikosekana nafokewa mimi. Takwimu zikikosewa anafokewa yeye. Kwa hiyo tunaishi kama ndugu, yaani tunagombana kila siku.

Kazi yake ni kutengeneza majedwali mapya kutokana na yale yaliyopo. Haongezi hata tarakimu moja ya kwake. Mauzo ya kila duka yameshaingia kwenye kompyuta. Yeye anaandika fomula, mstari mmoja au miwili, na jedwali la zamani linazaa jipya. Zamani niliona ni mbwembwe tu. Siku aliponionyesha, kutoka kwenye mauzo yale yale, ni duka gani linapenda mikate ya maziwa na lipi linairudisha ikiwa imekauka, nikaacha kumcheka. Nilipunguza, tuseme ukweli.

Mwaka ulipoisha, mkurugenzi wetu, mwanamke asiyependa maneno mengi, alitaka kufunga duka moja, lile linalouza kidogo kuliko yote. Fundi akaambiwa alete wastani wa mikate kwa siku. Hapo akagundua jambo: jedwali la mauzo lina siku zile tu ambazo mtu kauza kitu. Muuzaji akifunga mlango akaenda zake kulala, siku hiyo haionekani popote, na wastani wake unabaki mzuri.

"Wanatupiga chenga hawa, dada," akaniambia, macho yanawaka. "Dawa yao ninayo."

Dawa ilikuwa jedwali jipya. Aliandika fomula inayolikutanisha kila duka na kila siku ya mwaka, Januari hadi Desemba. Pasipo na mauzo, iandike sifuri. Sasa hapakuwa na pa kujificha. Alipolionyesha ukutani kwenye kikao, watu walipiga makofi, na kichwa kikamvimba hadi nikamuuliza kama mlangoni atapita. La mwisho kabisa lilikuwa duka la karibu na hospitali. Mkurugenzi akasema kesho yake atatia sahihi lifungwe.

Lakini Fundi ana tabia moja ambayo ofisi nzima inaicheka. Haamini jedwali lake mpaka achague mstari mmoja akausalimie. Anasema hivyo hivyo, kuusalimia. Anatoka kwenda kuona kwa macho yake kile ambacho mstari unadai. Mkewe anasema hata bili ya umeme ikija, anazunguka vyumbani kuzisalimia taa.

"Twende nikausalimie mstari wa mwisho," akaniambia mchana ule.

"Watu wameshapiga makofi, unataka nini tena?"

"Twende bwana. Nitakununulia soda."

Kwa soda ya bure mimi nakwenda popote.

Tulikuta foleni imetoka nje ya mlango. Kulikuwa na wauguzi, madereva, na mzee mmoja aliyekumbatia bahasha ya eksirei. Nyuma ya kaunta mama mnene, ambaye wateja wote wanamwita Shangazi, alikuwa anafunga mikate huku anamtania huyu na kumuuliza yule hali ya mgonjwa wake. Rafu zilikuwa karibu tupu. Fundi alisimama katikati ya duka, mdomo wazi.

"Wanangu, mnanunua au mnashangaa?" Shangazi akauliza. Kisha akaona vitambulisho vyetu vya kazi, na tabasamu likafifia. "Kumbe ninyi ni wa ofisini. Nasikia kuna duka linafungwa. Si hili langu, jamani? Nimehangaika nalo tangu siku ya kwanza. Na hawa wasichana wangu wataenda wapi?"

Roho iliniuma sana, na hasira zangu zote nikampelekea Fundi kwa macho, maana ndiye aliyekuwa karibu. Yeye wala hakuniona.

"Siku ya kwanza ilikuwa lini, Shangazi?"

"Septemba! Si mlikuja hapa kukata utepe, mkala keki, mkaondoka?"

Fundi akashika kichwa. "Mama yangu! Nimemlaumu mtoto kwa kutohudhuria harusi ya wazazi wake."

Garini ndipo nilipoelewa. Fomula ilikuwa imelikutanisha duka la Shangazi na kila siku, hata zile ambazo duka lilikuwa bado stoo ya matairi. Januari mpaka Agosti ameandikiwa sifuri tupu, na wastani wake ukazama. Na keki ile hata mimi niliila, tena vipande vya kutosha, lakini kwenye kikao sikukumbuka chochote.

Kurekebisha hakukuchukua muda. Tarehe ya kufunguliwa kwa kila duka ilikuwemo kwenye jedwali la maduka. Akaongeza sharti moja kwenye fomula: bakiza siku ambazo duka limeshafunguliwa tu. Shangazi akaruka kutoka chini hadi karibu na juu kabisa. Nikapiga kigelegele ofisini. Fundi hakucheka.

"Hebu ona anayeshika mkia sasa."

Lilikuwa duka la ghorofa ya chini, hapa hapa chini ya miguu yetu. Duka la mdogo wake mkurugenzi.

"Futa," nikamwambia. "Zima kompyuta, nenda nyumbani, uumwe."

"Nikinyamaza, dada, Shangazi anafungiwa."

Asubuhi alisimama kwenye kikao. "Jedwali la jana nilikosea mimi."

"Lile tulilolipigia makofi?" mkurugenzi akauliza.

"Lile lile, bosi."

Akaeleza, kisha akaliweka jipya ukutani. Watu wakaanza kukagua viatu vyao. Mkurugenzi alisoma mpaka chini, akasukuma kiti.

"Si mstari unasalimiwa? Twendeni tukausalimie."

Tukashuka ngazi sote nyuma yake. Nje jua limeshapanda, na duka lina kufuli. Mlangoni pamebandikwa karatasi, "Narudi sasa hivi", imepauka hadi maandishi yanasomeka kwa shida.

"Leo fomula yako itaandika nini hapa?"

"Sifuri, bosi."

Akatoa simu, akalipigia duka la hospitali, akaweka sauti ya juu tusikie wote. "Shangazi, ni mkurugenzi. Duka lako halifungwi."

Kwanza tulisikia kelele za watu tu, kisha mtu anameza kilio. "Asante, bosi. Asante sana. Lakini nina foleni hapa, nitakupigia." Akakata.

Mkurugenzi aliitazama simu, akacheka mpaka akaegemea mlango wa mdogo wake. Kisha akafuta machozi, akalitikisa lile kufuli.

"Hili niachieni," akasema. "Hili nakwenda kumwambia mama."