Bakuli la Pete

Kibano, mwana wa fundi saa aliyeifufua saa ya stesheni watu walipokwisha kuikatia tamaa, mjukuu wa mkunga ambaye viganja vyake vilipokea nusu ya mtaa. Ukoo wa vitu vidogo, lakini si watu wadogo. Jina alibandikwa kazini, maana alishika kwa mwanga kile ambacho kibano cha chuma hakikiwezi. Aliubana mwale wa leza kwa lenzi mpaka ukawa ncha, akauelekeza ndani ya tone la maji, na chembe ya kioo isiyoonekana kwa macho ikanasa pale, ikitetemeka kama kifaranga kiganjani. Kirusi cha ugonjwa kikiigusa, mtetemo hubadilika, na mwanga wenyewe hukichongea.

Sasa, mbele ya leza pete haivaliwi. Inang'aa, huurudisha mwale usoni pa mtu. Kwa hiyo kila asubuhi Kibano aliiacha yake nyumbani, ndani ya bakuli la sukari lililopoteza mfuniko. Jioni mkewe alimvisha.

"Haya bwana harusi, lete kidole."

"Wewe mwanamke, utanioa mara ngapi?"

"Mpaka uzoee."

Kisha mke akaugua, haikuchukua muda, akafariki. Siku ya kurudi kazini Kibano aliishika pete juu ya bakuli, asiweze kuivua. Akiivua, nani atamvisha?

"Mzee, pete hiyo," alisema Mama Pacha, msaidizi wake wa maabara.

"Leo tu, mama. Niache."

Akamwacha. Nani angembishia mfiwa?

Mwanga wa leza ile hauonekani. Machozi yalitia ukungu miwani yake ya kinga, akaipandisha apanguse, na mkono wa pili, wenye pete, ukakatiza mwale. Hakusikia hata maumivu. Aliona doa tu, likakaa katikati ya jicho la kulia, jicho lake la kazi. La kushoto lilikuwa bovu tangu utotoni.

Daktari hakumzungusha. "Hilo halirudi."

Nyumbani akaichukua picha ya mkewe. Akaona gauni, akaona mabega. Uso haukuwapo. Akaigeuza huku, akaigeuza kule, uso ukawa unamkimbia. Hapo ndipo alipolia kile kilio kilichomgomea msibani.

Alirudi maabara akipapasa ukuta, bakuli kwapani.

"Nisamehe, Mzee," alisema Mama Pacha. "Laiti ningeng'ang'ania."

"Ningekufukuza. Si unakijua kichwa changu?" Akaliweka bakuli kando ya mlango, akavua pete, ikalia ndani yake. "Meza ni yako sasa. Lakini asiyeweka pete humu, usimwashie leza. Hata akilia. Hata nikiwa mimi."

"Nimesikia, Mzee."

"Na jioni wenzetu wakitoka, wavishe wewe, mmoja mmoja. Mtu asiachwe ajivishe mwenyewe."

Akanyoosha kidole.

"Anza na mimi."