Siku Laptopu ya Bofya Ilipogeuzwa Lugha

Shemeji yangu Bofya, mdogo wa marehemu mume wangu, ulimi wake ulikuwa mrefu kiasi kwamba akikutukana asubuhi, mpaka adhuhuri neno la mwisho bado lilikuwa njiani. Msinibishie. Wapo waliosafiri, wakarudi, wakalikuta linawasubiri mlangoni.

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, pale mwenye jengo alipokuwa akiweka mafagio. Akitaka kujinyoosha, miguu ilitoka mpaka njiani, na wapita njia walishazoea kuiruka. Humo alikuwa na kiti, kopo la nyaya za kila aina, na laptopu ndogo, ndogo kabisa, utadhani sahani iliyofunikwa na sahani nyingine. Bawaba yake moja ilivunjika, akaifunga kwa spoki ya baiskeli. Kazi yake ilikuwa kukuingizia nyimbo kwenye simu, kukuhamishia picha na sauti, na kufufua kadi za memori zilizogoma. Na alikuwa anaweza. Hapo sitamnyima chake.

Ila shule, jamani, Bofya aliijua kwa nje tu, kama mimi. Zamani alikuwa mlinzi wa ofisi ya wasafirishaji mizigo, watu wa kila taifa, na kila siku alisimama nyuma ya karani akimwangalia mkono. Maneno hakusoma, yalikuwa ya Kiingereza, angeyasomea wapi? Alishika mahali. Juu pembeni, halafu la tatu kutoka chini, halafu upande wa kulia. Kama unavyotembea nyumbani kwako umeme ukikatika. Ofisi ilipohama wakamwachia laptopu hiyo chakavu, na mlinzi akalala mlinzi akaamka mtaalamu.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa na dharau!

"Simu yako imejaa, mzee," alikuwa akimwambia mtu na mvi zake. "Sasa sijui imejaa nini, na wewe mwenyewe kichwani hamna kitu."

Watu wanaangua kicheko. Wengine walikuja kwa ajili hiyo tu, hata simu hawana. Mimi nilikuwa nauza vitunguu ngazi ya kwanza, kwa hiyo nilikuwa na kiti cha mbele.

Upande wa pili wa ngazi alikaa fundi cherehani mmoja, mwanamke mkimya, tuliyemwita Pindo. Binti yake wa pekee alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Kilichobaki ni sauti yake kwenye simu ya mama. Anakohoa kwanza, kisha anaangua kicheko, kisha anasema, "Mama, zima basi, usinirekodi nikiwa hivi!" Basi. Hakuna kingine. Simu yenyewe ikatumbukia kwenye beseni la nguo ikafa, kadi ikapona. Pindo akanunua simu nyingine, akampelekea Bofya kadi amhamishie.

Kadi ile ilikuwa na ugonjwa. Ukiichomeka, laptopu inauliza kwanza: niifute yote, au niache? Jibu la kufuta lilikaa kushoto, la kuacha kulia. Bofya swali hakulijua, ila alijua kadi gonjwa zote huulizwa hivyo, na jibu lake liko kulia. "Si leo, mama," aliiambia mashine, akabonyeza kulia, kadi ikafunguka.

Badala ya kuihamisha ile sauti, akaipiga kwenye spika mtaa mzima usikie.

"Nihamishie tu niondoke, kaka," Pindo akasema.

"Haraka ya nini, dada? Mwenye sauti mwenyewe ana haraka gani?"

Akamwambia kadi iko kwenye foleni, njoo kesho. Kesho, njoo kesho. Na kila wateja walipojazana anaichomeka, anaipiga, kisha anaigiza mwenyewe. Mkono kifuani, anakohoa kikohozi chembamba, anacheka, "Mama, zima basi, usinirekodi nikiwa hivi!" Kipaji alikuwa nacho. Ungeapa mtoto yuko chini ya ngazi. Watu wanashika mbavu, na Pindo huko upande wa pili anakanyaga cherehani kwa hasira mpaka siku moja kilitembea, nawaambia, kikafika barabarani naye yuko juu yake anashona, na magari yakampisha.

Siku hiyo akaja binti mmoja wa ofisini kupunguza sketi. Bofya alikuwa ameenda chooni jengo la pili. Binti akachungulia kibandani akacheka.

"Mama, mwenye kibanda hiki anajua kweli anachobonyeza?"

"Anajua mahali," Pindo akasema. "Kusoma hajui."

"Basi mgeuzie lugha. Kazini kwetu tulimfanyia bosi, akakaa asubuhi nzima anatafuta pa kuizimia."

Pindo akaacha sketi ya watu kwenye sindano. Wakaingia wote wawili. Mashine ilikuwa ya wale wasafirishaji, lugha za dunia zote zilikuwemo.

"Chagua, mama."

"Ile ya chini kabisa. Inayofanana na uzi uliofumuka."

"Hiyo inaandikwa kuanzia kulia. Kila kitu kitageuka upande."

"Kigeuke. Nataka akae hapo mbele ya watu, mdomo wazi, halafu anirudishie mwanangu kwa adabu."

Akabonyeza mwenyewe, kwa kidole chenye kofia ya chuma ya kushonea. Laptopu ikazima, ikawaka. Pindo akamalizia ile sketi, binti akaichukua akaenda zake kazini.

Habari ikaenea mpaka kwa kinyozi. Sijui nani aliieneza, mimi nilikuwa nauza vitunguu.

Bofya aliporudi alikuta watu wamesimama kama wanasubiri hukumu. Akaketi, akaangalia kioo cha laptopu.

"Vipi, profesa?" kinyozi akauliza. "Leo inasemaje?"

"Inasema kinyozi akanyoe."

"Tusomee basi, tufaidi!"

"Nimeibadilisha mimi mwenyewe," Bofya akasema. "Kiingereza kimechuja. Siku hizi kila mpumbavu ana Kiingereza."

Mkono wake ukaenda kushoto, pa siku zote. Hapakuwa na kitu. Akatulia, akainamisha shingo, akaangalia kioo kama shati lililovaliwa nje ndani. Kilichokuwa kona hii kimehamia kona ile! Akapeleka mkono kulia, akakipata. Akaomba simu ya kinyozi, akamwingizia nyimbo, zikalia. Watu wakapiga makofi. Kinyozi mwenyewe akasema, kumbe huyu jamaa amesoma.

Pindo alikuwa amekuja kumwona akianguka, anamwona anapigiwa makofi. Akasukuma watu akafika mbele.

"Kama unaisoma, niwekee ya kwangu. Sasa hivi, mbele ya hawa."

"Ya kwako, dada? Hiyo hata usingizini."

Akatoa kadi kwenye kopo, akaichomeka. Kile kiboksi cha swali kikatokea. Vitu vya pembeni vyote vilikuwa vimehama, lakini hiki kilikaa katikati kabisa, kama kawaida yake, na vitufe vyake viwili chini. Bofya akasita. Nilimwona. Kidole kilibaki hewani, macho yakatoka kwa watu yakarudi kwenye kioo. Angeweza kusema, jamani, mimi hapa sijui. Maneno machache tu. Yule aliyekuwa na maneno ya kumtosha kila mtu.

"Profesa amesinzia!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Si leo, mama," Bofya akaiambia mashine, akabonyeza kulia.

Ikauliza tena. Haijawahi kuuliza mara mbili. Akabonyeza kulia tena, kwa nguvu zaidi.

Kumbe jibu la kufuta nalo lilikuwa limehamia kulia. Kadi ikafunguka, nyeupe kama sahani iliyooshwa.

Akatafuta juu, akatafuta chini, akaichomoa akaipuliza, akairudisha. Nyeupe. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, mchezo umeisha.

"Kadi yako imekufa," akasema bila kumwangalia.

"Imekufaje na jana ilikuwa inaongea?"

"Vitu vinakufa. Kwani wewe hujui?"

Pindo angesema nini? Aseme hujui kusoma, umefuta mwanangu? Angeulizwa, na hiyo lugha ameiweka nani? Naye Bofya asingeuliza nani ameigeuza, maana ameshasema ni yeye. Pindo akaivua ile kofia ya chuma kidoleni, akaitupa mtaroni.

Yule binti wa ofisini alipopita tena, alijitolea kuirudisha ilivyokuwa. Bofya akamfukuza: "Nimeshaizoea." Atafanyaje, na watu wanatoka mitaa ya mbali kumwona mtaalamu anayesoma kinyumenyume? Jina la profesa likamganda. Ila kuigiza sauti ya yule mtoto aliacha, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Mpaka asubuhi moja, kibanda kimejaa, Pindo akavuka upande huu wa ngazi, na tepu yake ya kupimia shingoni.

"Bofya. Ifanye."

"Nifanye nini?"

"Ile ya mwanangu."

Ndiyo siku pekee niliyouona ulimi ule umekuwa mfupi. Akasema ana kazi nyingi, akainamia nyaya. Lakini wateja walishasikia. "Ifanye, profesa! Ifanye!" Kinyozi akaja mbio na mkasi mkononi, amemwacha mtu nusu kichwa.

Bofya akaweka mkono kifuani. Akacheka kile kicheko chembamba, akakohoa, "Mama, zima basi, usinirekodi nikiwa hivi!"

Tukacheka, na mimi pia, mpaka kitunguu kikanidondoka. Pindo peke yake hakucheka wala hakulia.

"Umekosea," akasema. "Anakohoa kwanza, ndipo anacheka. Rudia."

Bofya akarudia.