Sekunde Moja ya Amuron

Umeme ukimulika, Amuron alihesabu. Alianza utotoni kijijini Moding, jembe mkononi, na hakuacha hata alipokuwa mwalimu wa fizikia mwenye mvi. Wengine huhesabu hadi tano wakachoka. Yeye alisubiri mpaka ngurumo ifike, hata kama ni ishirini na saba, hata ugali upoe.

"Mwalimu, hiyo ishalala Tororo," Methuselah, fundi viatu aliyekaa nje ya duka la mdogo wake Amuron, alimtania.

"Itafika, mzee. Wewe shona."

Asekenye, huyo mdogo wake, anayeuza dawa za mifugo Malaba, mpakani na Uganda, ndiye aliyempa chumba cha nyuma ya duka asomee shahada ya uzamivu. Somo lenyewe alilielewa nusu nusu. Maabara fulani ya ng'ambo iligonganisha viini vya atomi hadi vikaungana, vikawa viini vizito kuliko chochote kinachochimbwa ardhini. Viini hivyo huzaliwa na nishati ya ziada. Vingi huitema papo hapo. Vichache huishikilia, na Amuron alitaka kujua huishikilia kwa muda gani.

"Mkumbuke mama," Amuron alimweleza. "Kuna hasira yake ya kurusha mwiko, na kuna ile ya kunyamaza mpaka Jumapili. Mimi natafuta ile ya Jumapili."

Atomi zilizopatikana zilikuwa arobaini na moja tu. Amuron alizichambua kwa miaka minne, kila jioni akitoka shule. Saba zilimnyima usingizi. Mashine ilizirekodi zikitua kwenye bamba la silikoni, kisha kimya, bila dalili ya kutema nishati. Msimamizi wake wa chuo, kule Kampala, alisema mashine ilipitiwa tu. Amuron alirudia hesabu, akarudia tena, akawa mkali hata kwa wateja waliochungulia kuuliza bei ya dawa ya kupe.

Alasiri moja ya Aprili mvua iliwafungia dukani. Umeme ukamulika upande wa Uganda, Amuron akaanza. Alipofika kumi na mbili, Asekenye akacheka.

"Dada, kwani zile atomi zako ulizihesabia mpaka ngapi?"

Amuron akaacha kuhesabu. Ngurumo ikaja, na hakuna aliyejua ilikuwa sekunde ya ngapi.

"Moja," akasema.

Kumbukumbu za mashine zilikuwa kubwa mno, na mtandao wa Malaba ulikuwa wa kusuasua. Kwa hiyo, mwanzoni kabisa, aliwaomba watu wa maabara wamtumie tu yaliyotokea ndani ya sekunde moja baada ya kila atomi kutua. Wenzake walikuwa wakipata sehemu ndogo tu za sekunde. Sekunde nzima ilionekana nyingi. Kama zile saba zilinyamaza zaidi ya hapo, basi sauti yao ilibaki ng'ambo.

Aliandika barua pepe siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: kumbukumbu kamili zilishafutwa, diski zikatumika kwa kazi nyingine. Pole.

"Andika mashine haikuziona," msimamizi akamwambia kwa simu. "Nani atauliza?"

Tasnifu ilitakiwa Ijumaa. Aliandika kwamba yeye ndiye aliyekata kumbukumbu kwenye sekunde moja. Watahini wakaikataa: jaribio lirudiwe, wakasema, na foleni ya mashine ile ilikuwa ya miaka mitatu. Alikuwa na miaka arobaini na minane.

Chuo kimoja cha Soroti, Uganda, kikampa kazi ya kufundisha. Asekenye alimsindikiza hadi mpakani, akibeba begi katikati ya malori yaliyosimama tangu asubuhi. Alikuwa amejizuia wiki nzima. Getini ikamshinda.

"Si ungeandika tu mashine haikuona? Leo ungeitwa daktari. Mstari mmoja, dada."

Amuron alichukua begi, akaliweka begani. Hawajaonana tangu siku hiyo, na neno lake la mwisho lilikuwa hili.

"Huenda mashine iliona, Ase. Mimi ndiye niliyesema sekunde moja inatosha."