Mjumbe wa Seli Kumi

Nilipofika karatasi ya kumi na moja nilitaka kuitupa kalamu nyekundu dirishani. Swali lilikuwa fupi: eleza jinsi seli inavyotengeneza protini. Jibu la kwanza, kwa Kiingereza cha kujikaza, lilisema kiongozi wa seli kumi hutoka kwenye kiini, hugonga mhuri na kuitisha kikao. Hilo nililicheka peke yangu. La tano lilisema hivyo hivyo, na kufikia la kumi na moja kicheko kilikuwa kimekauka.

Kosa nililijua lilikotoka, na ndiyo maana nilizidi kukasirika. Somo hufundishwa kwa Kiingereza, na siku ya somo lile kidato cha tano chote kilikuwa kinanikodolea macho. Basi nikafunga mlango, nikawaeleza kwa Kiswahili. Maelekezo ya kutengeneza protini yamefungiwa ndani ya kiini, nikasema, hayatoki. Inatolewa nakala, na nakala hiyo ndiyo mjumbe. Mjumbe anakwenda hadi kwenye ribosomu, anasomwa herufi tatu tatu, na kila tatu inaita asidi amino yake. Zinaungwa moja baada ya nyingine mpaka protini ikamilike. Wote wakasema wameelewa, nami nikatoka nikijiona hakuna mwalimu kama mimi Hanang nzima.

Mtihani ulipokuja, badala ya kuandika messenger wakamtafsiri mjumbe wanayemjua: mjumbe wa nyumba kumi, ambaye Kiingereza cha serikali humwita ten-cell leader, kiongozi wa seli kumi. Neno seli lilikuwa limekaa hapo hapo, wangeshtuka vipi?

Iliyoniuma zaidi ilikuwa karatasi ya binti mmoja wa kijiji cha Hirbadaw, wa familia ya wafugaji, aliyetaka kuwa daktari wa mifugo tangu alipomsaidia mama yake kumzalisha ng'ombe. Herufi tatu tatu alizieleza vizuri, asidi amino pia. Lakini mjumbe wake alikuwa na mhuri. Nilimkata alama zote za swali lile, akaanguka chini ya wastani. Mwalimu wa taaluma alikuwa ameshatangaza kwamba atakayeanguka anahamishiwa mchepuo wa historia.

Jumatatu baba yake akasimama mlangoni pa ofisi ya walimu, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtoto amekosa wapi?"

Nikamsomea jibu, nikilitafsiri. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hapo kosa ni nini? Mjumbe wa kule kwetu ni mimi. Mhuri ninao."

Nikashusha pumzi. Nikaanza upya, kiini, nakala, herufi, huku nikijisikia sauti inapanda kama ninayegombana na mtu. Yeye hakupandisha yake.

"Mwalimu, mwenyekiti akinituma niseme ng'ombe waende joshoni Jumatano, mimi nikasema Jumamosi, watu wanafika, dawa hakuna. Neno moja tu hilo. Huyo mjumbe wako naye akikosea herufi?"

"Inatoka protini nyingine," nikasema. "Au haitoki kabisa."

"Basi tunaelewana." Akaiangalia karatasi ya binti yake, ile mistari yangu myekundu. "Hilo neno, mjumbe, mtoto amelitoa wapi?"

"Nililisema mimi."

"Uliwaambia ni mjumbe gani?"

Nilikuwa na majibu tele: darasa kubwa, vitabu vichache, lugha isiyo yangu wala yao. Nilikuwa nimeyarudia wiki nzima kwa kila mwalimu aliyenisikiliza. Mbele ya mzee yule nikayaacha.

"Sikuwaambia, mzee."

"Haya. Mtoto arudie mtihani. Na wewe urudie somo."

Akaaga. Nikachukua karatasi zote, nikaenda ofisi ya taaluma kusema kwamba aliyefeli swali lile ni mimi.