Picha ya Twiga Ni ya Nani?

Wifi yangu ni mpiga pasi katika duka la fundi cherehani, na kwa shingo yake ndefu tunamwita Twiga. Nguo mpya ikitoka, yeye huivaa, mpiga picha wa mtaani humpiga picha, nayo hubandikwa dirishani kuvuta wateja. Miaka yote picha hizo hazikumdhuru mtu.

Leo kaka yangu, mumewe, alirudi kutoka kazini mapema, akavuta begi uvunguni na kuanza kutia mashati. Mbele ya karakana anakofanyia kazi kumebandikwa tangazo la mganga: sura ya Twiga, kubwa kama mlango, na maneno, "Mume alinikimbia. Dawa hii ikamrudisha." Mafundi wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Picha hiyo isipotoka leo, natoka mimi," akasema.

Kaka yangu akisema amesema. Nikamshika wifi mkono, tukaenda studio mbiombio.

Mpiga picha hakuinuka hata kitini. "Dada, picha ni yangu. Nimepiga mimi, kwa kamera yangu. Mganga kaitaka, nimemuuzia."

"Ni yangu! Hiyo si sura yangu?"

"Si ulisema mwenyewe, 'Piga tu'?"

"Nilisema piga. Nilisema uza? Nilisema mume wangu kanikimbia?"

Yangu, yangu, wakarushiana neno hilo. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamke mzee. Nikamuuliza ni ya nani.

"Ya mama yangu."

"Kwani alijipiga mwenyewe?"

"Aliyempiga ni mwalimu wangu."

"Basi mwalimu wako na aiuze, iandikwe mama yako kakimbiwa na mumewe."

Akanikazia macho, nami nikamkazia. Kisha akachukua ngazi.

Alipokuwa akibandua tangazo pale karakanani, watu walijaa, wakamnyooshea Twiga vidole, wakilinganisha sura na sura. Alisimama palepale mpaka kipande cha mwisho kikashuka.

Nyumbani tulikuta begi limefungwa.

"Imetoka," nikasema.

"Watu wameshaiona. Aibu yangu nayo itabanduliwa na nani?"

"Aibu yako?" Twiga akamgeukia. "Sura iliyokuwa pale ni yako?"

Kaka akabaki kashika mkanda wa begi. Nikajua neno moja baya litaivunja nyumba hii, nikaogopa hata kukohoa. Akamtazama mkewe.

"Na wewe walikucheka?" akauliza taratibu.

Hapo ndipo wifi yangu alipolia.