Jina la Mtoto wa Tatu

Siku ya kwanza ya formation, mafunzo ya wasikilizaji wa shule, watu wa kusikiliza watoto wenye shida, walituuliza: juu ya nini unataka kazi hii? Kando yangu aliketi mwalimu mmoja wa Beni, akajaza ukurasa mzima kwa Kifaransa. Mimi niliishia ya nne primaire, baba aliposema kakao haivunwi na kalamu. Niliandika sentensi moja tu: nilitaka kujua namna gani mtoto anaweza kuketi mbele ya macho ya watu wote na kukatala kuwa yuko. Mfundishaji akanicheka kidogo. «Mama, hiyo haiko motivation. Hiyo ni hadithi.»

Bon. Basi niieleze.

Nilikuwa mfagiaji katika shule moja ya primaire, Bulengera. Kabla ya hapo nilikuwa na shamba la kakao upande wa Mabalako, na mume, na kaka zangu. Siku walipouawa, chef wa kijiji chetu alikuwa amehamisha mbuzi zake tangu mchana. Mbuzi zake zilijua, sisi hatukujua. Kamanda wa kambi ya karibu alikuwa ametuambia, «Mulale, tuko macho.» Na yule mununuzi wa kakao mwenye kipikapi cha bluu, aliyekula ugali nyumbani kwangu, ndiye aliyenunua mavuno ya shamba langu kwa watu waliotufukuza. Majina yao yote ninayo. Siyaandiki hapa kwa sababu ndugu zao ni majirani zangu, tunachota maji kwenye bomba moja. Lakini wakisoma watajijua.

Donc, mimi sikuwa mtu wa kupenda maswali ya wageni. Wengi walikuja kutuuliza tulipoteza nini, wakapanda gari zao. Ila yule mtoto alinipa maswali mimi mwenyewe.

Alikuwa msichana wa kalasi ya sita, anaketi benchi ya mbele. Alitoka pande zetu, akiishi na tate yake, mama ya mama yake, pamoja na kadogo kake ka kiume. Jina lake lilikuwa lile tunalompa mtoto wa tatu akiwa msichana, maana kwetu Wanande jina linafuata kuzaliwa: ukilisikia unajua wangapi walimtangulia. Kila asubuhi nikifagia baraza nilisikia mwalimu akiita majina. Akifika kwa lile, kimya. Mtoto anamtazama usoni, kalamu mkononi, daftari imefunguliwa.

«Eko hapa, Monsieur!» wenzake wanapiga kelele.

«Hajibu, haiko. Absente.»

«Monsieur, uandike basi kivuli yake!»

Kalasi inacheka. Halafu somo linaanza, na yeye anaandika vizuri kuliko wengi. Ukimuuliza hesabu, anajibu. Ukimwita kwa kidole, anakuja. Jina tu ndilo halikufungua kinywa chake.

Directeur alikuwa na jibu tayari. «Ni kiburi ya bakimbizi. Na absences mingi hivi, sitamutia mu bakandida ba examen.» Mtoto asiyefanya examen ya mwisho wa primaire, kwetu, anarudi kwenye jembe. Ninajua, nilirudi. Fimbo pia alimpiga, yule directeur, mbele ya bendera. Mtoto hakulia wala hakuitika.

Mimi nilidhani nimefahamu. Mimi mwenyewe, mwanamume akiita jina langu kwa nguvu, ninatafuta mlango wa kukimbilia. Nikamwomba mwalimu, «Monsieur, hebu madame wa kalasi ya tano aite.» Akakubali. Madame akaita kwa sauti ya asali. Kimya kilekile! Nilikuwa nimemvika mtoto woga wangu, na haukumtosha.

Ndipo akaja mademoiselle mmoja wa université, anasoma psychologie, kufanya stage yake, mazoezi ya kazi, kwetu. Alifika na moto, pikipiki ya kukodi, viatu vimejaa matope, akaomba fasi ya kuketi. Walimpa depo ya majembe, ambamo mimi ninachagulia maharagi yangu wakati wa récréation. Siku nyingi aliketi tu, akanisaidia kutoa mawe. Nikachoka na udadisi wangu.

«Na weye, mademoiselle, unatafuta nini mu vichwa vya batoto ba batu? Benzako banasoma bunganga ya hospitali, banasoma droit, ile ya sheria.»

Akacheka. «Mama, mi banifukuzaka ku masomo juu ya kusinzia mu kalasi. Tulikuwa tunalala mu migomba, papa anaogopa bauaji batukute mu nyumba. Mwalimu anapiga, directeur anafukuza. Hakuna mwenye aliniuliza: unalalaka wapi?»

«Ndiyo ile basi tu?»

«Ndiyo ile basi tu, mama.»

Swali moja. Nilirudi nyumbani nikilibeba. Kumbe mtu anaweza kusoma mpaka université kwa kufuata swali ambalo hakuulizwa? Na mimi, ni lipi ambalo mtu hajaniuliza?

Yule mtoto akaanza kuja depo, kwa sababu kulikuwa na joto na maharagi. Mademoiselle hakumtaja jina hata mara moja. Siku moja akasema tu, «Unipangie batoto ba kwenu, kila mumoja haragi yake, kuanza mukubwa.»

Mtoto akachagua. Akalaza haragi kubwa jekundu, la pili, la tatu, na dogo la mwisho. Akayatazama. Kisha akaokota yale mawili ya mbele, akayafungia ndani ya mkono. Lile la tatu akalisukuma polepole mpaka fasi ya kwanza.

«Huyu ni nani?»

«Ni mimi.»

«Eko wa ngapi?»

«Wa kwanza. Ku kilio ya ba yaya, bakubwa bangu, tate aliniambia: tangu leo weye ndiyo mukubwa, weye ndiyo wa kwanza.»

«Na ile jina yenye Monsieur anaita?»

«Ile ni ya wa tatu. Wa tatu haiko tena.» Akatuangalia kama watu wazito wa kufahamu. «Nikijibu, ni kumuongopea Monsieur.»

Fimbo zote zile, kwa mtoto aliyekatala kusema uongo. Nilitaka kuinuka niende ofisini nipige kelele. Mademoiselle hakuinuka. Aliuliza, «Na ba yaya, utabaweka wapi?» Mtoto akafungua mkono, maharagi mawili yamelowa jasho. «Hapana fasi,» akasema.

Mademoiselle ni Munande kama sisi, jibu alikuwa nalo. Lakini akanigeukia mimi.

«Mwanangu,» nikasema, «mi niko na jina ya mutoto wa ine. Babili mbele yangu bakakufa bangali badogo. Mama hakunibadilishia. Jina haihesabu benye banabakia. Inahesabu benye mama alizaa.»

«Hata benye baliuwawa?»

«Hata bao. Ukiitika wa tatu, kila mutu anajua babili bako mbele yako.»

Halafu akarudisha maharagi yote mawili, mbele ya lake, akayanyoosha.

Jioni ile tulienda kwa tate yake, maana neno la mkubwa wa nyumba hulitengua mkubwa wa nyumba. Tate alijipiga kinywa kwa mkono. «Yesu! Nilisema vile juu achotake mayi! Nilimutoa mu kazi ya butoto, hapana mu jina!» Akamwita mtoto karibu, akalitamka lile jina polepole, kwa Kinande, pamoja na la kwanza na la pili. Tulicheka, kisha hatukucheka tena.

Kesho yake nilifagia baraza ileile mpaka saruji ikakaribia kutoboka. Jina likaitwa. Kimya. Directeur, aliyekuwa amesimama mlangoni, akanionyesha meno ya dharau. Siku iliyofuata, kidole cha mtoto tu, hewani. Mwalimu akakipokea kama jibu, Mungu ambariki kwa hilo. Juma liliisha hivyo. Halafu asubuhi moja ya mvua, katikati ya kelele ya mabati, nikasikia: «Présente.»

Katika mkutano wa wazazi directeur alisema ni discipline yake iliyomnyoosha. Aliweka mtoto kwenye orodha ya kandida, na sifa akaziweka mfukoni mwake. Naye ninamhesabu na wale ambao majina yao ninayo.

Mademoiselle alimaliza stage, akaenda Beni. Nikaomba kubaki na ile depo, niketi mle na watoto, na baadaye wakanituma kwenye ile formation.

Siku moja kabla ya ile examen, ningali mfagiaji, niliingia kalasi ya sita kufuta ubao baada ya watoto kwenda. Chef de classe, mtoto anayechunga wenzake, alikuwa ameandika pale watu wa kelele, wale wa kuadhibiwa. La mwisho chini lilikuwa jina la mtoto wa tatu, limepigiwa mistari: alikuwa ameongea kupita wote. Nikafuta majina yote. Lile nikaliacha.

Asubuhi directeur akauliza nani hakumaliza ubao.

«Mimi,» nikasema.